Kujifunza kuendesha tramu za zamani: jumba dogo, jumba kubwa au Crich?

Dereva yeyote aliyewahi kushuka mlima Kitonga na lori lenye mzigo anajua jambo ambalo mwanafunzi mpya wa tramu huchukua wiki kadhaa kulielewa: kuondoa gari ni rahisi, kazi ni kulisimamisha. Niliendesha malori ya Dar kwenda Tunduma kwa miaka kadhaa kabla sijahamia Marekani. Huu sasa ni msimu wangu wa sita wa kujitolea kwenye jumba dogo la makumbusho huku mashariki mwa nchi, nikiendesha tramu zilizoundwa kabla babu yangu hajazaliwa. Silipwi hata senti, na Jumamosi nisipokwenda siku nzima naiona haijakaa sawa.

Kila nikiweka picha WhatsApp, maswali yanaanza. Shemeji yangu yuko Minneapolis, anauliza. Rafiki yuko Birmingham, anauliza. Mwingine Chicago. Wote swali lao ni moja: na mimi naweza, na nianzie wapi? Kuweza, unaweza. Karibu majumba yote haya yaliundwa na watu wa kujitolea na hayaendi bila wao, kwa hiyo wanafunzi wapya wanatafutwa kila mwaka. Hilo la wapi ndilo linalotaka maelezo. Mafunzo ya jumba moja si ya jingine, na ukikosea kuchagua unaweza kumaliza msimu mzima ukifagia depo bila kushika mkono wa breki. Kufagia depo ni kazi ya heshima, nami naifanya mpaka leo, ila mtu ajue mapema anakwenda kwenye nini.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Tramu ninayoisemea hapa ni gari la abiria linalotembea kwenye reli kwa umeme, unaoshuka kutoka kwenye waya wa juu kupitia mlingoti mrefu uliofungwa kwenye paa. Wamarekani huiita troli, kutokana na kile kigurudumu cha nchani mwa mlingoti kinachobiringika chini ya waya. Kwetu troli ni la supamaketi, kwa hiyo nitaendelea kusema tramu. (Mombasa nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na vigari vya kukaa abiria kwenye reli nyembamba za mjini, lakini vile vilisukumwa na watu kwa mikono.) Mfumo wa kwanza mkubwa wa tramu za umeme uliofanikiwa ulikuwa wa Richmond, Virginia, mwaka 1888, kazi ya mhandisi Frank Sprague. Baada ya hapo miji ikajaa reli, kisha ikazing'oa. Minneapolis na St. Paul zilimaliza mwaka 1954, Baltimore 1963. Magari yakachomwa moto, yakauzwa kama vyuma chakavu, mengine yakageuzwa mabanda ya kuku.

Yaliyobaki yalinusurika kwa sababu watu wa kawaida walitoa pesa mfukoni. Jumba la Seashore kule Kennebunkport, Maine, lilianza mwaka 1939 kwa vijana waliochanga dola 150 na kununua tramu moja, namba 31 ya Biddeford na Saco. Uingereza nako, mwaka 1948, wapenzi wa tramu waliinunua namba 45 ya Southampton kwa pauni 10. Kwa hiyo ukifika kujitolea usijione mgeni aliyekuja kuomba nafasi. Ni watu wa namna yako walioyaanzisha.

Tazama breki kabla ya kutazama jumba

Watu wengi huchagua kwa kutazama magari: lipi zuri, lipi lina rangi, lipi limetoka mji mashuhuri. Ushauri wangu ni kutazama utajifunza kwa breki ya aina gani, kwa sababu breki ya kwanza ndiyo inayojenga mkono wako. Ziko za aina tatu utakazokutana nazo, ukiacha ile ya Waingereza nitakayoieleza mbele.

Kongwe ni handbreki. Iko kwenye tramu ndogo za zamani zenye magurudumu manne, na kwenye nyingi zilizofuata imebaki kama breki ya akiba. Unashika mkono wa chuma au shaba, unauzungusha, mnyororo unajiviringisha kwenye mhimili chini ya sakafu, vyuma vinavutana, viatu vya breki vinabana magurudumu. Mguuni kuna kitasa kidogo cha kukanyaga kinachozuia mkono usirudi nyuma. Nguvu yote ya kusimamisha tani kadhaa inatoka begani kwako. Ubora wa shule hii ni kwamba inakulazimisha kufikiri mapema. Kabla hata ya kukata umeme unatakiwa uwe umeshakaza ule mnyororo uliolegea, la sivyo ukihitaji breki utazungusha mara mbili tatu bila kupata kitu huku kituo kinapita dirishani. Ubaya wake ni mwili. Mwenye bega bovu au mgongo unaouma aseme wazi tangu siku ya kwanza.

Ya pili ni breki ya upepo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo utakayoikuta sehemu nyingi na ndiyo iliyonitesa mimi.

Nilidhani nimeshamaliza. Upepo si ndio huohuo wa lori? Kompresa ipo, tanki lipo, geji ipo. Nikagundua kwamba nilikuwa na mazoea mawili ya kuyasahau.

La kwanza: kwenye malori ya siku hizi, upepo ukiisha, springi zinakamata magurudumu na gari haliendi popote. Kwenye tramu nyingi za zamani mambo yamegeuka. Upepo wenyewe ndio unaosukuma viatu vya breki, hivyo upepo ukiisha huna breki. Ndiyo maana kabla ya safari ya kwanza mkufunzi anakutaka usome geji, ujaribu breki tramu ikiwa imesimama, uhakikishe handbreki inakamata, kisha ujibu: upepo ukikatika pale kwenye mteremko utafanya nini? Jibu ni handbreki. Ikishindikana, kama hatua ya mwisho kabisa, unageuza mwelekeo wa mota zenyewe ili zipambane na mwendo. Jibu hilo unatakiwa ulitoe bila kufikiri.

La pili ni namna ya kusimama. Dereva wa lori au wa gari dogo huanza kukanyaga taratibu, kisha anaongeza kadiri anavyokaribia. Ukifanya hivyo kwenye tramu, abiria waliosimama wataanguka. Viatu vyake ni vya chuma cha kalibu, na chuma hicho hushika zaidi mwendo unapopungua. Kiasi cha upepo ambacho kwenye mwendo mkubwa hakisikiki sana, kwenye mwendo wa mtu anayetembea kinakata kama kisu. Kwa hiyo unatia wa kutosha mwanzoni, unashikilia, kisha unaanza kuachia kidogo, unashikilia, unaachia tena, mpaka tramu inatulia kituoni ikiwa na upepo mdogo sana kwenye breki. Geji ina sindano mbili. Kwa kawaida nyekundu ni ya tanki, nyeusi ni ya breki. Dereva mzuri unamjua kwa sindano nyeusi: inapanda mara moja, halafu inashuka ngazi kwa ngazi, na tramu inasimama wakati sindano imekaribia sifuri.

Mkono wa breki hiyo ni wa shaba na unachomoka. Ukifika mwisho wa njia unauchomoa, unatembea nao katikati ya viti mpaka upande wa pili, unauchomeka. Wa kwetu umesuguliwa na viganja vya watu kwa zaidi ya miaka mia mpaka umekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani.

Oktoba ya msimu wangu wa kwanza reli zilikuwa na majani. Majani makavu yakisagwa na magurudumu yanatengeneza utelezi kama wa sabuni. Kuna mteremko mfupi kabla ya kituo cha mwisho. Nikatia upepo mwingi mno, magurudumu yakagoma kuzunguka, na tramu ikaanza kuteleza kama sahani juu ya meza yenye mafuta. Mkono wangu ukataka kuongeza. Mkufunzi, mzee mmoja aliyestaafu ualimu, akasema neno moja: achia. Kuachia breki wakati gari halisimami! Mkono ukakataa. Akaweka kiganja chake juu ya changu, akausukuma mkono wa shaba hadi mahali pa kuachia, magurudumu yakazunguka tena, akakanyaga kanyagio la mchanga, na mchanga mkavu ukamwagika juu ya reli mbele ya gurudumu. Tukatia breki upya, tukasimama. Hakunigombeza. Aliniambia nishuke nitembee pembeni ya tramu huku yeye akiisogeza polepole, nisikilize. Tok, tok, tok. Gurudumu moja lilikuwa limepata bapa pale liliposagika kwenye reli. Mlio ule ulinifuata mpaka mafundi wa karakana walipoweza kulisawazisha, na tangu siku ile sijawahi kung'ang'ania breki kwenye utelezi.

Aina ya tatu ni tramu zinazoitwa PCC, zilizobuniwa na kamati ya wakuu wa makampuni ya tramu ya Marekani na kuanza kubeba abiria mwaka 1936. Hizi hazina mikono ya kuzungusha. Unakaa kwenye kiti na una kanyagio tatu: kushoto la usalama, ambalo ukiliachia vibaya tramu inasimama yenyewe, katikati breki, kulia mwendo. Breki ya kawaida inafanywa na mota zenyewe zikigeuzwa kuwa majenereta, na kwa dharura ziko sumaku zinazoshika reli moja kwa moja. Mtu aliyezoea gari otomatiki huzielewa mchana mmoja.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitasema upepo. Handbreki ni shule kali lakini magari yake ni machache na hutoka mara chache, kwa hiyo utakosa marudio. PCC ni rahisi mno kwa mwanzo, nayo inakuficha kile kinachotokea chini ya sakafu. Nimeona waliotoka upepo kwenda PCC wakizoea haraka, na waliotoka PCC kuja upepo wakianza upya kabisa.

Upande wa umeme sitakaa sana, kwa sababu hauwashindi watu. Kontrola, yaani kifaa cha kuongozea umeme wa mota, ina mkono unaopanda hatua kwa hatua. Hatua za mwanzo mota zimeungwa kwa mfuatano na zinagawana zile volti 600, hatua za juu zimeungwa sambamba na kila moja inapata zote. Kati ya hapo umeme unapita kwenye rezista, ambazo zinakula nguvu na kupata moto. Kwa hiyo unaruhusiwa kutembea muda mrefu kwenye hatua ya mwisho ya mfuatano au ya mwisho ya sambamba tu, na hatua nyingine unapita. Mwanafunzi anayekaa katikati atasikia harufu kabla ya kuambiwa kosa lake.

Jumba dogo la mji mmoja

Chukua Jumba la Tramu la Baltimore, lililoundwa mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya tramu ya mwisho ya mji. Liko Falls Road, ndani ya mji wenyewe. Reli za Baltimore zilikuwa na upana wa milimita 1,638, wakati upana wa kawaida duniani ni 1,435, kwa hiyo tramu za pale haziwezi kutembea kwingine na za kwingine haziwezi kutembea pale. (Pittsburgh ilikuwa na wake wa milimita 1,588, ambao Jumba la Tramu la Pennsylvania linautumia hadi leo, na Toronto wake wa 1,495. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kuzuia kampuni za treni za mvuke zisipitishe mabehewa ya mizigo barabarani.) Kwa mwanafunzi, maana yake ni kwamba unasoma ukoo mmoja wa magari. Ukilielewa moja, la pili halikutishi.

Au chukua la Minnesota, lenye njia ya Como-Harriet kando ya Ziwa Harriet mjini Minneapolis. Njia ina urefu wa takriban kilomita 1.6, na gari lake maarufu, namba 1300, liliundwa mwaka 1908. Shemeji yangu nilimwambia aanzie hapo bila kutafuta zaidi. Anakaa mji huohuo, na wakati wa kiangazi tramu zimekuwa zikitembea pia jioni za siku za kazi, jambo kubwa kwa mtu anayefanya shifti za wikendi hospitalini.

Njia fupi inawakatisha watu tamaa wanapoisoma kwenye ramani. Kilomita moja na nusu, kwenda na kurudi, ina raha gani? Hesabu vituo, usihesabu kilomita. Siku moja kwenye njia fupi unasimama na kuondoka mara nyingi sana, na kusimama ndiko unakojifunza. Halafu jumba dogo lina watu wachache. Usipofika unaulizwa. Ukifika, mkufunzi anakujua kwa jina, anajua kosa lako la wiki iliyopita, na anakaa na wewe wewe tu. Kwa Mswahili ambaye Kiingereza cha kitabu cha kanuni kinampa shida, hili lina uzito. Kanuni zinasomwa kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini kwenye jumba dogo nilipata mtu wa kukaa nami mezani na chai, tukipitia ukurasa kwa ukurasa mpaka nikaweza kuzieleza kwa maneno yangu.

Upungufu upo pia. Magari yakiharibika mawili, hakuna mafunzo wiki hiyo. Wakufunzi ni wawili watatu, na kama hamuelewani na mmoja, huna pa kukimbilia. Na baada ya misimu kadhaa unakuwa umeshaendesha kila kitu kilichopo.

Jumba kubwa

Jumba la Reli la Illinois ndilo kubwa kuliko yote ya reli Marekani. Lilianzishwa mwaka 1953, likahamia Union mwaka 1964, na lina njia kuu ya kama kilomita 8 pamoja na kitanzi cha tramu kinachozunguka eneo lake. Pale kuna injini za mvuke, za dizeli, treni za juu za Chicago, treni za umeme za kati ya miji, na tramu. Seashore nalo lina magari zaidi ya 250, yakiwemo yaliyotoka nchi za mbali, na njia ya kama kilomita 2.4.

Kwa mtu mwenye njaa ya kujua, hakuna kama haya. Unaweza kuanza na tramu ya mji, ukapanda kwenye treni za umeme zenye mabehewa kadhaa, ukaishia kwenye vitu ambavyo dunia nzima vimebaki kimoja. Karakana zake zina mafundi wa mbao, wa mota na wa kusuka nyaya ambao elimu yao haipatikani chuoni. Kama lengo lako ni ufundi zaidi ya uendeshaji, nenda kubwa bila kusita.

Lakini kila aina ya gari ina ruhusa yake. Kufaulu kwenye moja hakukupi nyingine. Kwenye njia inayoshirikiwa na treni zingine kuna ishara, kuna redio, kuna mwongozaji anayepanga nani apite lini, na kitabu cha kanuni kinanenepa kwa sababu hiyo. Wanafunzi ni wengi na wote wanagombea muda wa wakufunzi walewale. Mwenye subira atavuna. Mwenye Jumamosi mbili tu kwa mwezi atajikuta amesahau alichojifunza kabla ya zamu yake kurudi. Umbali nao uhesabiwe: Union iko zaidi ya kilomita 80 kutoka katikati ya Chicago. Yule rafiki yangu wa Chicago hana gari. Nilimshauri atafute kwanza wenzake wa kusafiri nao, kwa sababu nimeona watu wenye moyo mkubwa wakiacha kwa ajili ya njia tu, na majumba yakapoteza madereva wazuri.

Crich

Walioko Uingereza wana Crich, Derbyshire, ambako ndiko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Tramu. Chama chake kiliundwa mwaka 1955, kikapata eneo kwenye machimbo ya mawe ya chokaa mwaka 1959, kikaendesha tramu za kukokotwa na farasi mwaka 1963 na za umeme mwaka 1964. Hapo utakuta tramu za ghorofa, na njia inayopanda kutoka kwenye kijiji cha makumbusho hayo kuelekea juu ya bonde.

Kinachonivutia Crich ni breki, kama unavyoweza kukisia. Kwenye tramu nyingi za Kiingereza mkono wa kushoto unashika kontrola, wa kulia unashika handbreki. Kontrola ina hatua za kuongeza mwendo, na ukiurudisha mkono ng'ambo ya sifuri inakuwa na hatua za breki. Mota zinageuka kuwa majenereta, umeme wake unachomwa kwenye rezista, na tramu inapunguza mwendo hata kama mlingoti umetoka kwenye waya. Aliyeshuka Kitonga ataielewa mara moja: ni kama kushuka na gia ndogo, unaiacha injini ikushikilie. Na kama gia, haikumalizii kazi. Magurudumu yakikaribia kusimama nguvu hiyo inakufa, na hapo mkono wa kulia lazima uwe tayari umeshakaza. Ni ngoma ya mikono miwili, na mtu akiimudu amepata msingi ambao tramu za upepo hazimpi.

Kwa rafiki yangu wa Birmingham hapo ndipo pa kwenda, ila ajue kijiji kiko juu ya kilima. Kituo cha treni cha karibu ni Whatstandwell, na kutoka pale kuna mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu wa kupanda.

Crich limekuwa likitoa pia siku za kulipia, ambapo mgeni anaendesha tramu akiwa na mkufunzi pembeni, na majumba kadhaa ya Marekani yana utaratibu unaofanana. Kama huna hakika kwamba utadumu, lipia siku moja kwanza. Ni bei ndogo kuliko kuchukua nafasi ya mafunzo ya msimu mzima na kuiacha katikati, wakati mtu mwingine angeitumia.

Konda kwanza, au dereva moja kwa moja?

Majumba mengine huanza na ukonda, mengine humpeleka mtu moja kwa moja kwenye kontrola. Mimi nashukuru nilianza na ukonda, ingawa wakati ule nililalamika. Konda anapiga kengele, mbili ondoka, moja simama, na dereva haendi bila yeye. Anaangalia milango, anaangalia watoto, anakagua tiketi, anasimulia historia. Na kwenye jumba letu konda ndiye anayegeuza mlingoti mwisho wa njia.

Hilo la mlingoti lifanye mara mia kabla hujagusa kontrola. Unafungua kamba, unauvuta mlingoti chini ukipambana na springi, unauzungusha au unaufunga na kuutoa ule wa upande wa pili, kisha unatafuta waya. Mchana unaelekeza kwa macho. Jioni huoni kitu mpaka kigurudumu kiguse, kinatoa cheche ya bluu, taa za ndani zinawaka na kompresa inaanza kunguruma chini ya miguu yako. Dereva aliyefanya kazi hiyo haendeshi kinyumenyume mlingoti ukiwa umeelekea mbele, kwa sababu anajua ukichomoka utapiga nyaya za kushikilia na kuzivuta chini. Mwenzake aliyeruka hatua hiyo ameambiwa tu.

Na wapo watu ambao kipaji chao ni hicho, wabaki nacho. Tuna mama mmoja kutoka Bukavu ambaye hajawahi kutaka kuendesha. Akisimama katikati ya viti na kuanza kueleza watu walivyokuwa wakipanda tramu hii kwenda viwandani, behewa zima linanyamaza.

Kama unatafuta mshahara, hayo ni mambo mengine. Tramu za zamani za njia ya F mjini San Francisco na zile za St. Charles mjini New Orleans zinaendeshwa na wafanyakazi wa usafiri wa umma wa miji hiyo. Omba kazi huko kama unavyoomba udereva wa basi.

Kabla ya kuandika jina lako popote

Uliza mambo manne. Mafunzo yanaanza mwezi gani, maana mengi huanza majira ya kuchipua na ukichelewa unasubiri mwaka. Mwanafunzi anapata zamu ngapi kwa mwezi akiwa na mkufunzi. Baada ya kufaulu, unatakiwa kufanya siku ngapi kwa mwaka ili ruhusa yako isife. Na gari la mafunzo lina breki gani. Umri wa kuanza kuendesha kwa kawaida ni miaka 18, ada ya uanachama ipo mara nyingi, na macho yatapimwa.

Halafu nenda kama abiria. Kata tiketi, ukae kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva upande wa kulia kwake. Usitazame reli. Mwangalie mkono wake unapokaribia kituo, kisha tazama sindano nyeusi. Ikiwa inashuka ngazi kwa ngazi na tramu inatulia bila mtu yeyote kushika kiti cha mbele yake, shuka, subiri mlingoti ugeuzwe, kisha muulize dereva ni nani aliyemfundisha.